Anayenusa Hula Kwanza

Mwanamke alisimama langoni na gunia la majivu begani, akasema amekuja kuosha vyombo na hataki malipo.

Mwenye ua, ambaye mji mzima ulimwita Masufuria, hakuwapenda watu wasiotaka malipo. Yeye alianza maisha na sufuria moja ya kuazima. Sasa alikuwa akikodisha masufuria, majiko, viti na mahema kwa kila mwenye sherehe, na hakuna hata kijiko katika ua ule ambacho hakukipata kwa kubishana. Mtu anayetaka kitu unajua pa kumshika. Asiyetaka kitu ameficha mkono mmoja nyuma.

"Hutaki malipo," alimwambia. "Basi unataka nini, mama? Thawabu?"

"Thawabu nitazitafuta kwingine. Nataka kilichomo."

"Kilichomo wapi?"

"Mle ndani ya masufuria yako."

Masufuria aligeuka akautazama ua. Sikukuu ilikuwa jana yake, na vyombo vilikuwa vimerudi kama vinavyorudi kila mara, bila kuguswa na maji. Watu walikula, wakalegea, wakafunika, wakarudisha. Sufuria moja ilikuwa na wali hadi nusu. Nyingine ilikuwa na mchuzi ulioganda mafuta juu, na vipande vya nyama vimechungulia kama mawe mtoni. Kwenye sinia kulikuwa na viazi, mikate iliyokauka, na keki iliyoliwa upande mmoja tu. Nzi walikuwa wamekwisha kufungua mkutano. Desturi yake ilikuwa kuajiri waoshaji na kumwachia mfuga nguruwe hayo mengine.

"Hayo ni makombo," alisema.

"Makombo ni yale yaliyotoka kwenye sahani ya mtu. Hayo mpe mfuga nguruwe, sina haja nayo. Kilichobaki chini ya sufuria, ambacho hakijaguswa na mdomo, hicho ni kiporo. Usivichanganye, baba, kila kimoja kina ukoo wake."

Wakabishana. Masufuria alitaka aoshe na sinia. Mwanamke akakubali. Alitaka afute na viti. Akakataa, akasema viti havina wali. Masufuria akaongeza kwamba yeye mwenyewe apewe sahani yake ya kilichopikwa, kila mara kitakapopikwa, na sahani ijae. Mwanamke akamtazama tumbo, akatazama sahani, akasema sawa. Aliingia, akafungua gunia la majivu, akakunja mikono ya gauni.

Alasiri ile Masufuria aliitwa na pua yake mwenyewe. Alikuwa ofisini akipanga mahema ya wiki, harufu ikaingia, akajikuta amesimama. Wali wa jana ulikuwa umevunjwavunjwa kwa mkono, ukachanganywa na yai, kitunguu na majani ya giligilani, ukaviringishwa kuwa matonge, ukagaagazwa kwenye mkate mkavu uliosagwa, ukatiwa kwenye mafuta ya moto. Nyama ilikuwa imechambuliwa na kufichwa ndani ya viazi vilivyopondwa. Mifupa ilichemshwa upya pamoja na maganda ya vitunguu, supu ikatoka na rangi ya kahawia kama chai nzito. Mikate iliyobaki ililoweshwa kwenye maziwa, ikapaliwa makaa juu na chini mpaka ikavimba. Ile keki iliyoliwa upande mmoja ilikunwa kama nazi ikawa uji wa watoto. Na maganda ya nanasi, ambayo Masufuria angeapa ni takataka, yalikuwa yakichemka na tangawizi.

"Huu si wali wa jana," alisema, mdomo umejaa.

"Ni wenyewe. Kiporo hakipendi kupashwa moto, kinapenda kugeuzwa. Ukikileta na sura ya jana, mtu atakumbuka jana alishiba. Kilete na sura ya leo."

Seremala wa ng'ambo ya barabara ndiye aliyembatiza jina. Alichungulia ukutani, akaomba kuonja, akaonja mpaka akaombwa aache. "Mama Kiporo," alisema, "kesho nikifa nisizikwe, nigeuzwe." Jina likaganda.

Hivyo ndivyo ilivyoanza, na ikaendelea miaka kadhaa. Mama Kiporo alikuwa mjane, aliyetumia ujana wake kwenye jiko la shule ya bweni, akipika chakula kingi na kuona kingi zaidi kikizikwa. Hakuwa na watoto wala maneno mengi. Siku za baada ya sikukuu, na baada ya kila harusi na mahafali, aliweka mabenchi kando ya ukuta wa Masufuria, na watu wakaja kula kwa senti chache: mafundi, washonaji, mama wenye watoto, na fundi viatu mmoja mzee ambaye meno yake yalikuwa yamebaki kwa kumbukumbu tu. Masufuria naye alifaidika. Vyombo viling'aa kuliko vya mshindani wake, na kila aliyekaa kula alikuwa ameketi akitazama mahema na viti vya kukodi. Lakini alikuwa mtu wa kupima. Aliupima mstari wa watu langoni kwake, akaona kwamba katika mkataba ule yeye alitoa mlima akapokea sahani. Akaanza kumwangalia mwanamke yule vizuri, akitafuta pa kumshika.

Hakupaona. Kwa sababu Mama Kiporo alikuwa na lango lake ndani ya lango la Masufuria. Hakuna sufuria iliyopita bila yeye kumhoji dereva. Ilifunikwa ikiwa ya moto au imepoa? Gari lilisimama wapi? Juani au kivulini? Madereva walimwita Hakimu. Akishamaliza kuhoji, hufunua kifuniko, huinama, huvuta pumzi mara moja, na hukumu hutoka. Alichokikataa kilikwenda shimoni, hata kama ni mbuzi mzima.

Wali aliuogopa kuliko vyote. "Nyama ikiharibika inasema," alimwambia Masufuria siku moja. "Samaki anapiga kelele mtaa mzima. Wali ni mnafiki. Ukifunikwa na moto wake ukakaa, unaharibika na bado unanukia kama bibi harusi. Wali usiuulize unanukaje. Uulize ulikaa wapi."

Kisha mvua moja ikaja na homa yake. Ilipita mjini nyumba kwa nyumba, watu wakakohoa wakapona. Mama Kiporo alilala, akaamka, akarudi uani amekonda shingo. Alirudi na paka.

Hakuna aliyelijali hilo. Jikoni paka si ajabu. Ila huyu alifungwa karibu na masufuria, na kila sufuria ilipofunuliwa Mama Kiporo aliinama kama zamani, akavuta pumzi kama zamani, kisha akadondosha kipande kidogo chini, kama kwa bahati mbaya. Paka akila, kazi inaendelea. Masufuria aliona, akapita. Mtu ana haki ya kulisha paka wake.

Sikukuu iliyofuata aliona kitu kingine. Mama Kiporo alikuwa akiburuta sufuria ya kuku kuelekea shimoni, kuku wazima wazima, rangi ya dhahabu, na nyuma yake paka amelala chali, tumbo limejaa kama ngoma. Mji mzima ulikuwa umemlisha tangu jana. Asingekula hata kama angeletewa maini kwa mkono.

Masufuria alishika mpini wa upande wa pili. Akachukua paja moja, akalinusa, akaling'ata, akalimaliza hadi mfupa. Kuku alikuwa mzima kabisa.

"Huyu anamwagwa kwa nini?"

"Simwamini."

"Wewe humwamini, au paka ameshiba?"

Mama Kiporo aliuachia mpini. Alirudi jikoni akaanza kukata vitunguu, kisu kikienda haraka kuliko kawaida. Masufuria akamfuata. Akachukua kitambaa cha kushikia vyungu, akakiweka taratibu juu ya makaa nyuma ya mgongo wake, akasimama. Kitambaa kilifuka moshi. Harufu ya pamba inayoungua ilijaa jiko, ikatoka nje, seremala akapiga kelele kutoka ng'ambo akauliza nani anachomwa. Mama Kiporo aliendelea kukata.

"Kitambaa chako kinaungua, mama."

Aligeuka akaona. Kisu kilisimama. Moshi ukapanda katikati yao.

"Tangu lini?" Masufuria aliuliza.

"Tangu homa."

"Hata kidogo?"

"Hata choo."

Masufuria alivuta kigoda akakaa. Hapo palikuwa pa kumshika. Hakufurahi, wala hakuhuzunika. Alihisi kile anachohisi kila mnunuzi anapoona ufa kwenye mtungi anaoutaka. Watu walikula pale kwa sababu ya pua ya Mama Kiporo. Siku watakapojua haipo, mabenchi yatakuwa kuni.

"Sasa tuzungumze," alisema. "Kuanzia leo anusaye ni mimi. Nitasimama langoni, nitapokea, nitahoji madereva, nitakuambia kipi kizima. Wewe kazi yako jiko. Na tunachokipata tunagawana nusu kwa nusu."

"Pua yako inanusa faida tu."

"Basi tafuta nyingine. Kawaambie hao wa kwenye mabenchi wakunusie."

Mama Kiporo alimwagia maji kile kitambaa. Kisha akasema kama mtu anayekaza kamba ya mzigo. "Sawa. Lakini anayenusa hula kwanza. Kila sufuria, mbele ya watu wote, sahani nzima, kabla ya mtu mwingine kutia mkono. Na nikikuuliza kilikaa wapi, unijibu."

Masufuria alicheka. Kuambiwa ale kile anachokipenda, na ale kingi. Aliona amenunua ng'ombe kwa bei ya kamba. "Tumekubaliana, mama."

Miezi ilikwenda vizuri, na hilo ndilo lililomharibu. Pua yake ilikuwa nzuri kweli. Alikataa samaki waliostahili kukataliwa, akapitisha nyama iliyostahili. Alikula sahani yake mbele ya watu, akafuta mdomo, wakacheka, wakamwita Mwonjaji wa Mfalme. Paka alihamia kwa mshonaji. Ila Mama Kiporo hakucheka. Kila Masufuria alipokula, yeye alisimama na mwiko akimtazama uso, kama mtu anayesubiri maji yachemke.

Ikaja sikukuu kubwa ya mwaka, katika joto ambalo hata mbwa walikataa kubweka. Mwaka ulikuwa mgumu. Vyombo vilirudi vitupu, vimekwanguliwa. Watu walikuwa wamekula mpaka ukoko. Asubuhi ikapita, mabenchi yakajaa, na jikoni hakukuwa na kitu ila mifupa na viazi vichache.

"Vipi, Mwonjaji," seremala aliita, "leo tunanusa tu?"

"Subira, ndugu yangu. Njaa haijawahi kuua mnene."

Ndipo gari la ukumbi wa kilimani likaingia, na juu yake masufuria makubwa kuliko yote, vifuniko vimefungwa kwa kamba. Dereva alishuka, akamvuta Masufuria kando ya tairi.

"Mzee, gari liliniharibikia njiani jana. Nimelala nalo barabarani. Mzigo umeshinda juani na umelala humo humo, umefungwa hivi hivi tangu ulipotoka jikoni. Nakwambia ili usije ukanilaumu."

Masufuria alikata kamba, akafunua. Wali, mweupe, punje kwa punje, na mvuke wa iliki ukampanda usoni. Aliinama akanusa upande huu na upande ule. Alichimba kwa kijiko mpaka chini, akanusa na hapo. Hapakuwa na harufu yoyote mbaya. Nyuma yake mabenchi yalikuwa yakigongwa kwa vijiko.

"Ulichoniambia," alimwambia dereva, "umeniambia mimi."

Mama Kiporo alikuja akijifuta mikono. "Unanukaje?"

"Kama umepikwa sasa hivi." Na hilo lilikuwa kweli tupu.

"Ulikaa wapi?"

"Ukumbini. Ndani, kivulini. Wameutoa asubuhi hii."

Alitia mkono ndani ya wali. "Una joto."

"Mama, hata mimi nina joto. Huoni jua?"

Alimtazama, kisha akamtazama dereva, ambaye alikuwa ameona kitu cha maana sana kwenye viatu vyake. Angeweza kukataa. Lakini pua ilikuwa ya mwingine, na lango lilikuwa la mwingine, naye alikuwa amekwisha kukubali hayo kwa mdomo wake. Akabeba.

Wali ukavunjwa, ukatiwa yai na kitunguu, ukaviringishwa, ukakaangwa. Masufuria aliketi mbele ya watu, akapewa sahani, akala yote. Alikula bila woga. Tumbo lake lilikula mabaya kuliko hayo wakati wa sufuria ya kuazima. Tena, kwa hesabu yake, kula kule kulifuta uongo: aliuweka mwili wake rehani, kwa hiyo hakumdhulumu mtu. Hakuna dalali mwingine angeweza kujidanganya vizuri namna ile. Aliinua sahani tupu, watu wakapiga makofi, na Mama Kiporo akaanza kugawa.

Seremala alipata yake. Mshonaji akapata. Fundi viatu mzee akapata yaliyo laini zaidi, yale yaliyotoka mwanzo kabla mafuta hayajashika moto. Masufuria alikuwa akielekea langoni aliposikia sauti anayoijua.

"Shikamoo, Mama Kiporo."

"Marahaba, mwanangu. Umependeza. Njoo, nimekuwekea yaliyokauka vizuri."

Alikuwa binti yake Masufuria, kitinda mimba, katika gauni la sikukuu, ameketi mwisho wa benchi na miguu haijafika chini. Alikuwa ameshika tonge, analipuliza.

Masufuria hakukumbuka baadaye jinsi alivyovuka ua. Alikumbuka tu sahani ikiwa mkononi mwake, na mkono mdogo ukibaki hewani.

"Baba, nina njaa."

"Utakula nyumbani."

"Nyumbani hakuna kitu. Mama amesema tule huku."

"Nimesema utakula nyumbani. Tumbo linakuuma."

"Haliniumi, baba."

Mabenchi yakanyamaza, moja baada ya jingine, kama taa zinazozimwa. Seremala aliacha kutafuna. Shavu lake moja lilikuwa bado limevimba.

"Masufuria," alisema polepole, "mtoto kanyimwa nini ambacho sisi tumepewa?"

Masufuria alitafuta neno. Yeye ambaye hakuwahi kukosa neno mbele ya mteja, aliyekodisha mahema yenye matundu kwa kuyasifu kwamba yanapitisha hewa, alisimama na sahani ya mtoto.

Mama Kiporo alikuja mpaka mbele yake. Hakupaza sauti. "Ulikaa wapi?"

Masufuria aliificha sahani nyuma ya mgongo.

"Nakuuliza kwa mara ya mwisho, baba. Wali ulikaa wapi?"

Dereva ndiye aliyejibu, kutoka nyuma ya gari. "Juani, mama. Tangu jana. Nilimwambia."

Mama Kiporo alirudi jikoni, akashika sinia la matonge kwa mikono miwili, akalimwaga mchangani. Sufuria ikafuata. Kisha akawageukia watu, akasema jambo ambalo alilificha tangu homa.

"Mimi sinusi. Pua yangu imekufa. Huyu ndiye aliyekuwa akininusia, na mimi niliwaficha, kwa sababu mngejua msingekuja. Waliokula wanyooshe mikono. Msione haya. Twendeni zahanati sasa, kabla tumbo halijawashika."

Mzee fundi viatu alikuwa wa mwisho kunyoosha. Alikuwa amekula sahani mbili.

Wengine walimtukana, wengine waliinuka bila kusema, wakaenda wakiongozana naye barabarani katika lile jua, kama msafara wa mazishi usio na maiti. Masufuria alibaki uani. Hakuna aliyemwambia njoo. Binti alikuwa amekimbilia nyumbani akilia njaa. Alikaa kwenye benchi tupu, akawa anasikiliza tumbo lake, kama mtu anayesikiliza hatua nje ya mlango wake. Kwa muda hapakuwa na kitu, na akaanza kujiambia kwamba amejiaibisha bure. Ndipo jasho baridi likamtoka shingoni. Mkewe alimkuta amepiga magoti kando ya shimo la taka.

Hakuna aliyefariki. Seremala alitapika mpaka usiku, akapona, akasema nyundo imekuwa nzito. Mshonaji aliumwa kidogo. Mzee fundi viatu alilazwa, akarudi, lakini hakurudi mzima. Mwanawe alikuja akamchukua, na kibanda chake kikabaki na viatu vya watu visivyo na soli.

Masufuria alipopata nguvu alimfuata Mama Kiporo nyumbani kwake. Alikwenda na mpango mpya, maana hakujua kwenda kwa mtu bila mpango: angemrudishia lango lote, na nusu yake ya mapato, na angeajiri mtu mwingine wa kunusa. Alimkuta mlangoni akifunga gunia lake.

"Taja unachotaka," alimwambia.

"Sina."

"Kila mtu ana kitu anachotaka, mama."

"Nilikuwa nacho. Ulikula sahani yako ukaona umelipa. Haya, ulilipa ya kwako. Ya yule mzee nani alilipa?"

Alingoja jibu kwa haki kabisa, kama anayengoja chenji. Kisha akalitupia gunia begani akaondoka.

Mabenchi yake hayakurudi tena; nusu ya mji ilisema aliwalisha akiwa kipofu wa pua, na nusu hiyo ilikuwa na haki. Lakini nusu nyingine ilimwita majumbani. Siku ya pili ya sikukuu mama mwenye nyumba hufunua sufuria yake mwenyewe, akijua mwenyewe ilikaa wapi, hunusa kwa pua yake, na Mama Kiporo humwonyesha namna ya kukigeuza kilichomo. Analishwa, anapewa cha kubeba, na hakuna anayemdai pua. Hapati kama alivyopata zamani.

Masufuria alibaki na mahema, viti, na ua ulio kimya. Binti ni mzima, na hilo hata yeye halipangii bei. Vyombo vinarudi vichafu kama kawaida, waoshaji wa kulipwa wanakuja asubuhi, na kilichomo chini ya masufuria, kizima au kibovu, kinakwenda shimoni chote bila mtu kuinama kukinusa.